Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA, kutoka Makambako

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA WAFANYABIASHARA WADOGO KUFUNDISHWA DAFTARI KABLA YA MAKADIRIO

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natambua kwamba meza yako imebeba mambo ya nchi nzima, na kwamba mtu wa ngazi yangu kukuandikia moja kwa moja ni kujipa nafasi kubwa. Nakuomba radhi kwa hilo, na nakushukuru mapema kwa kila mstari utakaopata nafasi ya kuusoma.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo. Wanaonijia ni mama mwenye genge, fundi cherehani, kijana anayeuza vipuri vya bodaboda, na wale wanaokusanya viazi vijijini na kuvipakia kwenye malori ya Dar es Salaam. Sijakutana na wengi wanaokataa kulipa kodi. Wanachokihofia ni siku ya makadirio, kwa sababu wanaingia ofisini mikono mitupu.

Mheshimiwa, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilimtendea mtu huyu jambo jema sana, nami napenda kulisema wazi. Aliye na mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Akizidi hapo, jedwali la viwango vya kodi lina safu mbili: ya mwenye kumbukumbu na ya asiyenazo. Mama wa genge aliyeuza shilingi 5,000,000 kwa mwaka, akiwa na kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni nne, yaani shilingi 30,000. Asipokuwa nazo analipa 100,000. Aliyeuza shilingi 8,000,000 analipa 120,000 akiwa na kumbukumbu, na 250,000 akiwa hana. Tofauti hiyo ya shilingi 130,000, kwa mwenye genge hapa Makambako, ni mzigo mzima wa bidhaa.

Wengi wanaonijia hawajawahi kusikia kwamba safu ya mwenye kumbukumbu ipo. Hudhani kodi ni bei anayopangiwa mtu kwa kutazamwa duka lake, na kwamba ukiandika mauzo yako umejichongea. Kwa unyenyekevu mkubwa naona hofu hiyo ndiyo inayowagharimu, na inaigharimu hata Serikali, maana mtu anayeogopa hujificha.

Ninachowaelekeza si kigumu. Kaunta buku moja inatosha: tarehe, kilichouzwa, kiasi, na ukurasa wa pili manunuzi na matumizi. Iandikwe siku hiyo hiyo kabla ya kufunga duka. Anaponunua bidhaa adai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) na kuihifadhi, kwa kuwa ndiyo shahidi wake. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Laini ya simu ya biashara iwe peke yake, ili mchango wa harusi na fedha ya kikoba visije vikahesabiwa kuwa mauzo. Akiacha biashara, aijulishe ofisi ya TRA kwa maandishi, asikae kimya akidhani kufunga mlango kunatosha.

Kuna kundi moja ambalo naomba uniruhusu nilisemee kwa kirefu kidogo, nalo ni la wakusanyaji wa viazi na parachichi. Kijana anatumiwa fedha na tajiri aliyeko Dar es Salaam, ananunua kwa wakulima, anapakia, anabaki na kamisheni yake. Kwenye simu yake zinaonekana zimepita shilingi milioni ishirini, ilhali yake ni sehemu ndogo tu. Asipokuwa na maandishi, ataeleza vipi? Huyu namwambia aandikiane na tajiri karatasi ya makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, na kwenye daftari fedha ya tajiri ikae safu yake, kamisheni safu yake. Hata anayenunua kwa mtaji wake mwenyewe anahitaji daftari kuliko wengine, kwa sababu kodi hii inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na faida ya gunia la viazi ni nyembamba. Sheria inamruhusu kuomba akadiriwe kwa faida. Bila hesabu zilizoandikwa, ruhusa hiyo haimsaidii kitu.

Tarehe nazo huwapita. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, wakati fedha ya mazao huja kwa msimu. Nawashauri wakati wa mavuno watenge ya awamu zijazo, wasisubiri riba ianze kuhesabiwa. Na asiyeridhika na makadirio, badala ya kulalamika kijiweni, awasilishe pingamizi kwa maandishi ndani ya siku 30 na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ajue pia kwamba pingamizi hudai alipe kwanza kodi asiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ipi kubwa, na kwamba wewe, Mheshimiwa, umepewa mamlaka ya kumpunguzia akiwa na sababu za msingi.

Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, na wafanyabiashara wa miji mingine, Mwanza na Mbeya wakiwemo, wakafunga pia. Oktoba mwaka huo Rais akazindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Hayo ni mambo makubwa na yana wenyewe. Langu ni dogo, na halihitaji kubadili kifungu chochote cha sheria.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, nakuomba uelekeze jedwali lile lenye safu mbili lichapwe kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi za kusomeka na mama mzee, libandikwe katika masoko ya Makambako na Njombe, na katika kila ofisi ya kata. Nakuomba maofisa wako wa elimu kwa mlipakodi wafike sokoni Januari na Februari, kabla ya awamu ya Machi, wakae na watu wakiwaonyesha namna ya kujaza daftari kwa mfano wa genge na wa gunia la viazi. Na mfanyabiashara anapoketi mbele ya ofisa kukadiriwa, swali la kwanza liwe kama ana daftari. Akisema hana, aelezwe hapo hapo litakavyompunguzia kodi mwaka unaofuata.



Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza vitabu, Makambako.