Foleni ya Mitungi

Fundi wetu wa kompyuta yuko Kitengela, mashine anazozitunza ziko Kajiado mjini, na katikati kuna barabara ya Namanga. Si neno. Mwaka 1995 Mfini aitwaye Tatu Ylönen alitutengenezea SSH, ukae kwako uamrishe kompyuta ya mbali. Kwa jina hilo, nadhani angeshauri amri zitumwe tatu tatu. Mtaalamu wetu hutuma zote 40 kwa mpigo, kisha anashangaa mashine imeduwaa.

Ukimwuliza foleni ya kazi, ya kuzipanga amri zisubiriane zamu, iko wapi: "Inakuja, mzee, tunaichora." Huu ni mwezi wa nne anachora.

Na kibanda cha maji kiko hapo chini ya dirisha lake! Mitungi ya njano ya lita 20 imepanga laini. Wenyewe wamekwenda kusukwa. Mfereji mmoja, mtungi mmoja. Ukijaa unasogezwa, wa nyuma unaingia. Uliotoboka unawekwa kando, haukwamishi wenzake. Mwenye punda na mapipa yake hungoja akina mama wamalize. Maji yakikatika, mitungi inalala pale pale, na kesho kila mmoja unaendelea ulipoachia. Hakuna anayeanza upya. Mama anayelinda mfereji hana digrii. Ana kijiti na jicho.

Kijana wangu, hebu teremka dakika kumi tu. Na ubebe mtungi, maji ya ofisini yameisha.