Barua ya Wazi kwa Mtoza Ushuru: Tujengee Stesheni ya Shilingi

Kwa Mheshimiwa Mtoza Ushuru,
Nairobi.

MINTARAFU: OMBI LA STESHENI YA SHILINGI MJINI VOI

Mheshimiwa,

Pokea salamu za mwenye duka wa Voi. Sijazitoza kodi kwa kuwa bado natafuta msimbo wa salamu katika orodha yako ya bidhaa na huduma.

Nakuandikia usiku, mlango wa duka umeshafungwa, saa ambazo huwa nakutumikia wewe. Mchana nauza. Usiku nakaa na simu mkono huu na kompyuta mkono ule, naziuliza pesa zilizoingia kwa simu kupitia tili zimetoka wapi na zilikuja kufanya nini.

Leo mama mmoja alichukua unga wa 180, ndizi za 200 na sabuni ya 150. Akalipa 530 kwa mkupuo mmoja, kama wanavyolipa watu. Kwa sheria yako ya kodi ya ongezeko la thamani unga ni asilimia sifuri, ndizi zimesamehewa, sabuni ndiyo ya 16%. Kodi yako humo ni shilingi 20 na senti 69, na yote imo ndani ya sabuni. Lakini ujumbe wa simu haujui sabuni wala unga, unajua 530 tu. Programu ya hesabu niliyouziwa kwa ahadi kwamba sitagusa kitu, itajiendesha yenyewe, huivuta 530 hiyo, huiita mauzo, huitoza yote 16% na kuniandikia deni la shilingi 73 na senti 10. Ndizi za Taveta zimelipishwa kodi ya sabuni.

Najua utasema: toa ankara ya kielektroniki ya eTIMS. Natoa. Matokeo yake nina vitabu viwili, kimoja kinaijua bidhaa, kingine kinaijua pesa, na havisalimiani. Kila mwezi kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kukuletea ritani ya kodi, mimi ndiye mshenga wao.

Kwa hiyo tunaomba stesheni. Mahali ni hapa Voi, na si kwa upendeleo. Mji huu ni njia panda ya reli tangu Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipochepusha reli kuelekea Taveta hadi ikaungana na ile ya Moshi. Mwaka 2017 tukapata na stesheni ya reli mpya ya SGR. Kazi ya kutenganisha mabehewa tunaijua. Iliyobaki ni stesheni ya tatu, ya shilingi peke yake.

Kila shilingi ikitoka kwenye simu ya mteja, kabla haijafika kwenye vitabu vyangu, ishuke Voi. Jukwaa la kwanza liwe la 16%, lenye paa, feni na viti vya kulalia, maana hao ndio abiria uwapendao. La pili ni la asilimia sifuri: mabenchi ya mbao kwa unga na mkate, na ukutani picha ya mkate huohuo, ulioponea chupuchupu kutozwa 16% katika Mswada wa Fedha wa 2024. La tatu ni la waliosamehewa. Ndizi, nyanya na maharagwe watangoja chini ya mwarobaini. Hawa wa tatu huenda wakanung'unika, kwa sababu mteja halipi kodi kwao wala kwa wale wa pili, lakini wa sifuri huniruhusu nidai kodi niliyotozwa nikinunua, wao hapana. Wakianza kugombana, mkuu wa stesheni apulize filimbi.

Kando kabisa, karibu na choo, pawekwe benchi la shilingi ambazo si mauzo. Hapo akae shemeji aliyelipa deni lake kupitia tili. Akae mchango wa matanga ya jirani. Ikae elfu mbili ya kijana wa Mwatate aliyekosea namba, akarudishiwa siku hiyohiyo, ila programu yangu ingali inamhesabu kuwa mteja wangu mwema. Mkuu wa stesheni apite na daftari, aulize kila mmoja kwa upole: Umetoka wapi? Unaenda kununua nini? Njiani kuna aliyekukata?

Hilo la mwisho aliulize kwa sauti, kwa ajili ya shilingi zitokazo mbali. Watoto wa Taita walio Nairobi na ng'ambo huagiza vitu kwangu mtandaoni nivipeleke kwa wazazi wao Wundanyi, wakalipa kwa kadi. Kampuni inayopokea malipo huchukua chake kwanza, halafu huniletea kilichobaki kikiwa kimerundikwa pamoja, wateja wote fungu moja, bila majina. Wewe unadai kodi ya bei kamili. Programu inaona kilichobaki tu. Kwa hiyo kwa mama wa ndizi inakulipa zaidi, kwa mtoto wa ng'ambo inakulipa pungufu, na pande zote mbili mwenye kosa ni mimi.

Nikichelewa kurekebisha hayo, ritani ikapita tarehe 20, faini ni shilingi 10,000 au 5% ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo. Faini ya kuchelewa! Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta kukulipa haki yako. Kodi hii naitoza mimi, naihesabu mimi, naibeba mimi hadi mlangoni kwako, bila mshahara, bila hata chai, na siku ya kukaguliwa naitwa mshukiwa. Wanangu wananijua kwa mgongo, maana kila wakinitazama nimeinamia kompyuta yako.

Nisamehe, Mheshimiwa. Ni joto la Voi.

Maombi mengine ni madogo. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiki, na bibi anayeniuzia ndizi Taveta, na simu yake ya mulika mwizi, hajawahi kuandika ankara. Desemba 2024 sheria ikaturahisishia: mnunuzi ndiye amwandikie muuzaji mdogo ankara. Tunashukuru. Sasa kwa kuwa naandika za ninaowauzia na za wanaoniuzia, naomba walau kofia yenye nembo.

Siku ukibadili kiwango tena, kama uliposhusha hadi 14% Aprili 2020 ukarudisha 16% Januari 2021, usichague usiku wa Mwaka Mpya. Tunakuwa kwenye kesha.

Ndovu wakivunja stoo wakala unga wa asilimia sifuri, nitumie fomu yao.

Ardhi ya stesheni isikusumbue. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo, na sehemu ya iliyobaki ni katani na kesi za mashamba, lakini shilingi zetu hazihitaji nafasi kubwa. Usiponijibu kabla ya tarehe 20 nitalipa zile 73 na senti 10 kama programu inavyotaka. Kukulipa nisichodaiwa huchukua dakika moja, na kukuthibitishia kwamba sidaiwi huchukua usiku kucha.

Wako mtiifu,
Mwenye Duka, Voi.

Nakala:
Mkuu wa Stesheni (mara tu atakapoajiriwa)
Bibi wa Ndizi, Taveta (ankara yake nimeshaiandika)