Nani Anamkimbiza Nani? Mwongozo kwa Mgeni wa Mbagala na Tegeta

Waingereza wana neno lao, "chase". Walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, na shina lake ni la Kilatini, lile lile lililozaa "catch", yaani kukamata. Kwa hiyo huko kwao kumkimbiza mtu na kumkamata ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye imani hiyo asishuke Rangi Tatu kabla ya kusoma hapa.

Ukisikia kesho kuna watu wanakimbiza Mwenge, usiulize umeiba nini. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akiwa ndiye aliyeupandisha, na siku hizi hupitishwa kila mkoa. Wakimbiza Mwenge wenyewe muda mwingi wamo garini. Wakifika penye zahanati mpya au daraja, hufunua nyaraka, hugonga zege, na wasiporidhika hukataa kuzindua. Anayetoka jasho hapo ni mkandarasi. (Mwenge ya Kinondoni, penye wachonga vinyago, ni jambo jingine. Ukipanda daladala ya huko hukimbizi kitu, unasukumwa tu.)

Mgonjwa naye hukimbizwa. Aliyetolewa Mbagala saa moja asubuhi kukimbizwa Muhimbili anaweza kuganda Mtoni Mtongani hadi ndugu zake wakanunua maji, karanga na chaja ya simu dirishani. Kisarufi bado anakimbizwa.

Mgambo na machinga, hao hukimbizana. Sarufi inadai kila mmoja anamkimbiza mwenzake, na nionavyo mimi sarufi ina macho: mgambo akishapita, meza imerudi pale pale nyuma ya kisogo chake. Mwaka 2018 machinga alipewa kitambulisho kwa shilingi 20,000 ili asibughudhiwe; mwaka 2021 akaambiwa aondoke barabarani aende alikopangiwa. Ukikuta mbio hizo Tandika, jibanze ukutani na utulie, hata kama gari lako ndilo linaondoka. Anayekimbia mbele ya kelele za "mwizi!" ndiye mwizi mpaka apate nafasi ya kujieleza, na nafasi hiyo wenye mawe hawaigawi ovyo.

Kufukuza kuna hatari yake pia. Bosi hufukuza, mwenye nyumba hufukuza, na hapo aliyefukuzwa anafunga virago. Lakini kijana wa Temeke akikwambia kuna binti anamfukuzia, usimwonee binti huruma: anatumiwa vocha na kununuliwa chipsi mayai. Tofauti yote imebebwa na irabu moja nyembamba. Kumfukuza ni aondoke, kumfukuzia ni akubali. Siku ya kupeleka posa usije ukaimeza irabu hiyo kwa woga, ukasema mbele ya wajomba, "Shikamooni, mimi ndiye niliyekuwa namfukuza binti yenu." Mahari itapanda, na haki itakuwa yao.

Ofisini hakuna kukimbiza wala kufukuzia. Huko ni kufuatilia, na faili linalofuatiliwa halijawahi kusogea. Beba kitabu.

Tumalizie na bodaboda. "Nikimbize Bunju" maana yake nina haraka, na haraka ina bei. Patana nauli kwanza kwa sura ya mtu anayepunga upepo, vaa helmeti, funga mkanda wake, kaa sawasawa. Ndipo umwambie.