Barua kutoka Msituni kwenda Bustanini

Kwa Mheshimiwa Kaja Kallas,
Mwakilishi Mkuu wa Umoja wa Ulaya, Mambo ya Nje na Sera ya Usalama,
Brussels, Ubelgiji.

Mheshimiwa,

Natumai maua yako hayajambo.

Nayaulizia maua kwa sababu aliyekutangulia kwenye kiti hicho, Mheshimiwa Josep Borrell, alisimama mjini Bruges Oktoba 2022 mbele ya vijana wanaofundwa kuwa mabalozi, akawaambia kwamba Ulaya ni bustani, sehemu kubwa ya dunia iliyobaki ni msitu, na msitu huo unaweza kuivamia bustani. Baadaye alilalamika kwamba hakueleweka. Tulimwelewa vizuri sana. Basi pokea salamu za msituni.

Mimi naandika kutoka pwani ya Kenya, na misitu tunayoiheshimu zaidi huku ni ya kaya, makazi ya kale ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ukienda Kaya Kinondo, karibu na Diani, utafungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla hujaingia. Utaambiwa usivunje kijiti, na usiokote hata jani ukaenda nalo nyumbani. Wakati watu walipokuwa wakiishi ndani ya kaya, mambo yao yaliamuliwa na baraza la wazee, wakikaa na kusikilizana mpaka wakubaliane. Na lile katazo la kijiti halichagui: mtalii, gavana, mwenye kampuni ya madini, wote kitambaa kiunoni. Hilo la "wote" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maana nimekisoma Kifungu cha 21 cha Mkataba wa Umoja wenu. Kimeandikwa vizuri, Mungu awalipe walioandika. Kinasema mkitoka nje ya nyumba yenu mtaongozwa na demokrasia, utawala wa sheria, na haki za binadamu ambazo ni za watu wote na hazigawanyiki. Hazigawanyiki! Neno hilo nimelirudia mara mbili, kama mtu anayekagua risiti ya dukani.

Huku kwetu, Mheshimiwa, bibi zetu walikuwa na sera ya mambo ya nje zamani, na balozi wao alikuwa kanga. Jirani akikukosea, huendi kugombana naye. Unakwenda dukani, unachagua kanga yenye jina linalomfaa, unajifunga, kisha unapita mbele ya mlango wake polepole, unakwenda kununua chumvi usiyoihitaji. Jina limechapwa kwa herufi kubwa na kila mtu analisoma, lakini hakuna aliyetajwa. Mwenye kosa siku hiyo anajifanya hajui kusoma. Kauli za ofisi yako zina ufundi uleule. Kuna ya "tunafuatilia kwa karibu". Kuna ya "tuna wasiwasi". Kuna ya "tuna wasiwasi mkubwa", ambayo nadhani ni ya doti, inauzwa mbili mbili. Na kuna ile niipendayo kuliko zote, "tunazisihi pande zote zijizuie". Mliivaa Juni 2024, vijana wetu walipopigwa risasi Nairobi kwa kuupinga mswada wa fedha. Mabalozi wa nchi kadhaa za Magharibi, nyingi zikiwa za Umoja wenu, walishtuka kwa pamoja na kuzisihi pande zote. Upande mmoja ulikuwa na bunduki. Wa pili ulikuwa na chupa za maji na simu. Ule wa chupa ulijitahidi sana kujizuia.

Lakini kanga moja haimwambii mtu mengi. Zipange zote kwenye kamba, kwa tarehe na kwa nchi, ndipo utaanza kuona bei.

Anza na Burundi. Rais Nkurunziza alipojiongezea muhula wa tatu mwaka 2015 na watu wakaanza kuokotwa wamekufa kwenye mitaro ya Bujumbura, mlifungua Mkataba wa Cotonou, mkafika Kifungu cha 96, mkafanya mashauriano kama kilivyoelekeza, na Machi 2016 mkasimamisha fedha mlizokuwa mkiipa serikali moja kwa moja. Mpaka Februari 2022. Miaka karibu sita! Sikulaumu kwa hilo, bali nakusifu. Ni nadra kuona kifungu kikifanya kazi mpaka mwisho. Ila Burundi ilikuwa inawauzia kahawa, na kahawa inapatikana kwingine.

Gesi haikupatikana kwingine kirahisi. Julai 2022, mlipokuwa mkiikimbia ya Urusi, Rais wa Tume yenu, Ursula von der Leyen, alifika Baku, akatia saini ya kuongeza maradufu gesi ya Azerbaijan, na akawasifu wenyeji wake kuwa washirika wa kuaminika. Ni kweli wanaaminika: Ikulu ile imekuwa ya baba na kisha ya mwana tangu 1993, huwezi kupotea njia. Septemba ya mwaka uliofuata, Waarmenia zaidi ya 100,000 walihama Nagorno-Karabakh kwa siku chache wakilikimbia jeshi la washirika hao, magari yamejaa mablanketi. Kanga iliyotolewa safari hiyo ilikuwa ya kulaani.

Sasa njoo kwa watu wa lugha yangu. Februari 2024 Umoja wenu ulitia saini na Rwanda hati ya makubaliano kuhusu madini ya kimkakati. Miezi michache baadaye waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, huko Kivu Kaskazini nchini Kongo, wenye mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo pamoja na waasi hao, na kwamba koltani isiyopungua tani 150 ilivushwa mpaka na kuchanganywa na ya Rwanda. Kigali inakanusha. Mimi sikuwepo mpakani, siwezi kuapa. Lakini ninyi ripoti ya wale wanajeshi mlikuwa nayo, tena bila kusubiri tafsiri. Novemba 2024 mkaidhinisha euro milioni 20, za pili, kwa ajili ya jeshi la Rwanda lililoko Cabo Delgado, Msumbiji. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka. Februari ikafuata Bukavu.

Wale watu uliowaona kwenye televisheni wakipanda barabara na magodoro vichwani walikuwa wakiitana kwa Kiswahili. Mama mmoja alikuwa anamuuliza mwanawe, "Kiatu kingine kiko wapi?" Sikuhitaji mkalimani. Nilizima sauti.

Kwa haki nikiri kwamba Bunge lenu liliamka: tarehe 13 Februari lilipiga kura kutaka ile hati ya madini isimamishwe. Iliripotiwa kuwa Luxembourg iliomba subira kidogo kuhusu vikwazo, na kwa kuwa kwenu nchi 27 lazima ziseme ndiyo pamoja, subira ya mmoja ni subira ya wote. Machi 17 vikwazo vikatoka, kwa viongozi na makamanda na kwa kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu Kigali. Na hati? Hati, ulitueleza wakati ule, iko chini ya mapitio. Nimeulizia kwa wanaojua sheria. Wanasema hati iliyo chini ya mapitio ni hati inayofanya kazi.

Urusi ilipoivamia Ukraine, hamkuhitaji hata wiki. Mlifanya vyema, na ninajua kwa nini jambo lile linakugusa wewe binafsi. Umewahi kusimulia kwamba mama yako alipakiwa pamoja na familia yake kupelekwa Siberia mwaka 1949, akiwa na miezi sita. Barabara ya kutoka Goma ilikuwa na watoto wa umri huohuo, mgongoni, ndani ya zile kanga.

Kuhusu bahari nitasema machache, kwa sababu nikianza sitamaliza. Rais Kais Saied alilisimamisha bunge la Tunisia Julai 2021. Julai 2023 mkamfuata Tunis na hati nyingine, pamoja na ahadi ya euro milioni 105 za kulinda mipaka na kuzuia wahamiaji. Mwezi huohuo Waafrika weusi walikuwa wakikamatwa Sfax na kwenda kutupwa jangwani, kwenye mpaka wa Libya, bila maji. Bustani imeajiri mlinzi. Haiulizi mlinzi anafanya nini usiku, mradi asubuhi maua yapo.

Kuhusu Gaza pia nitapita haraka. Makubaliano yenu na Israeli yana Kifungu cha 2 kinachosema haki za binadamu ndizo msingi wa uhusiano. Juni 2025 wataalamu wenu wakakuta kuna "dalili" za kukiukwa. Dalili, baada ya miezi ishirini ya vita! Hata daktari wa zahanati ya kijijini hungojea dalili muda mfupi zaidi.

Na yule Pier Antonio Panzeri, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya haki za binadamu ya Bunge lenu? Desemba 2022 polisi wa Ubelgiji walikamata noti za takriban euro milioni 1.5 katika msako wa rushwa iliyohusishwa na Qatar na Morocco, na mwezi uliofuata yeye akakiri kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Shirika lake lilikuwa la kupambana na watu wasiowajibishwa. Huku kwetu angalau rushwa hatuipi jina zuri hivyo.

Mheshimiwa, ningekuwa nawachukia ingekuwa rahisi. Ningecheka tu, nimalize kahawa yangu. Shida ni kwamba nazihitaji hizo haki. Kiongozi wa upinzani Tundu Lissu aliposhtakiwa kwa uhaini Tanzania, Bunge lenu lilipitisha azimio Mei 2025, na kuna watu walilala vizuri zaidi usiku ule kwa kujua kwamba kuna anayetazama. Mwanaharakati akichukuliwa na watu wa gari lisilo na namba, mkewe hupigia ubalozi mmoja wenu kabla hajampigia shemeji yake. Nimeliona hilo kwa macho.

Kisha njoo nami barazani. Kwetu kuna mzee anauza kahawa chungu kwa kashata, karibu na msikiti, na kila jioni kuna ubishi. Siku moja nilikuwa nawaeleza watu kwamba polisi hawana ruhusa ya kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24. Nilikuwa nasoma Katiba yetu wenyewe, ya 2010, Kifungu cha 49. Kijana mmoja wa chama kinachotawala akanikatiza: "Mwalimu, hayo mambo ya Wazungu, hata wenyewe wanayauza kwa kilo. Waulize Goma." Watu wakacheka. Mzee akanimiminia kikombe kingine bila kuniomba pesa, na nilijua kwamba ameona nimeshindwa. Mimi nilikuwa nasoma Katiba ya Kenya! Lakini mizani yenu ilikuwa mezani na ikanipima mimi. Watawala wetu wanaifuata orodha yenu ya bei kuliko mimi ninavyoifuata. Kila gesi mnayonunua kwa kufumba macho, kuna mtu huku anaipeleka barazani kama ushahidi.

Ningependa kukueleza haya ana kwa ana, na nusura niweze. Nilialikwa Brussels kwenye mkutano wa siku mbili kuhusu uhuru wa kujieleza barani Afrika; tiketi na hoteli vilikuwa vimelipwa na mwenyeji. Nikapanda treni mpaka Nairobi na bahasha: barua ya mwaliko, taarifa ya benki ya miezi mitatu, bima ya safari ya euro 30,000, barua ya mwajiri, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja cha marehemu baba chenye minazi kumi na minne. Binti wa dirishani akaihesabu minazi kwenye picha. Nikalipa euro 90, zisizorudishwa. Wiki tatu baadaye nikapokea karatasi yenye visanduku vilivyopangwa vizuri, kimoja kimewekwa alama: kuna mashaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha.

Nikazungumza kwa intaneti. Mada yangu ilikuwa ya saa nne asubuhi, umeme ukakatika saa nne na dakika sita. Baadaye nilitumiwa kumbukumbu za mkutano, na ndani yake mwenyekiti anasikitika kwamba mwenzetu kutoka Kenya hakuweza kuungana nasi kikamilifu.

Hivyo barua hii nimeiweka wazi, ijitafutie njia yenyewe. Ukija Mombasa karibu sana; pasipoti yako haitawekewa kisanduku cha mashaka. Nitakupeleka Kaya Kinondo. Wewe na dereva wako na walinzi wako mtafungwa kitambaa cheusi, na mwenyeji atawakagua mifuko wakati wa kutoka, kama mmebeba jani.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa msituni, ambaye nia yake ya kurudi nyumbani ina mashaka ya msingi.