Sifa za Mchongezi

Namsifu mchongezi. Huyu hakai kibarazani. Anakaa ndani ya mfumo wa mafunzo ya kompyuta, na kazi yake ni kuhesabu nani ameishia wapi. Wangapi wamejiandikisha, wangapi wamefungua somo la kwanza, wangapi wamewasilisha zoezi, wangapi wamemaliza. Kila hatua anaigawa kwa iliyoitangulia, kisha anachora umbo pana juu na jembamba chini. Ndiyo maana wataalamu wanaliita faneli. Anakera mno. Mkufunzi ameshapanga picha ya mahafali, mfadhili ameshatumiwa idadi ya walioandikishwa, naye anakuja kusema kwamba nusu yao hawajaonekana tangu somo la pili.

Kwa kero hiyohiyo namsifu. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za mtandaoni za Harvard na MIT: mwaka wa masomo 2017-18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya walioshiriki. Bila hesabu za namna hiyo, tungekuwa bado tunasomewa mamilioni ya waliojiandikisha na kupiga makofi.

Sasa mlete Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wanaweza kuketi darasa moja wakaelewana kwa Kiswahili. Hapo kila anguko lina sababu inayotafutika. Wakipotea kwenye kujiandikisha, uliza simu ni ya nani: namba ya kuthibitisha huenda imeingia kwenye simu ya kaka mtu aliye shambani. Wakipotea kwenye video, uliza bei ya bando. Tangu Julai 2021 data nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12. Data ya elimu imesamehewa kisheria, lakini anayenunua bando la kawaida analipa kama wengine. Wakipotea katikati ya kozi, uliza chakula. Mei 2025 Mpango wa Chakula Duniani ulitangaza kwamba wakimbizi milioni moja nchini Uganda wamekatiwa msaada. Kijana aliyeacha zoezi akaenda kulima kibarua hakushindwa na masomo, na ni dhuluma kumwandika mvivu.

Hesabu hizo zitenganishwe mahali kwa mahali. Mwanafunzi wa Kamukuzi, kwenye kilima cha ikulu ya zamani ya Omugabe, mfalme wa Ankole, yuko ndani ya jiji la Mbarara. Akikosa umeme nyumbani, hakosi duka la kuchaji simu mtaa wa pili. Ukimtia na mwenzake wa Nakivale katika wastani mmoja, wa mjini anamfunika wa makazini, na aliyehitaji msaada haonekani tena.

Mchongezi naye hudanganyika. Ndugu wawili wakitumia akaunti moja, anaona mtu mmoja hodari. Aliyesahau neno la siri akafungua akaunti tatu, anaona watoro wawili. Mahali panapotumika Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, kumbukumbu za masomo hubaki kwenye kifaa mpaka kiunganishwe, hivyo aliyemaliza anaweza kuhesabiwa mtoro kwa majuma. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, faneli ya kozi yoyote ya mtandaoni ingesema darasa zima limekimbia.

Tena asipewe majina asiyoyahitaji. Wakimbizi wa Uganda walihakikiwa kwa alama za vidole mwaka 2018. Taarifa zao ziko kwenye makabati ya kutosha. Kujua kwamba watu wanaishia somo la tatu hakudai kujua utaifa wa kila mmoja wala kijiji anachokaa.

Kwa hiyo, wewe unayeendesha kozi Nakivale, Mbarara au popote, usiandikishe kundi jipya kabla ya kutazama hatua iliyopoteza wengi zaidi katika kundi lililopita. Wapigie simu walioishia hapo, uwaulize kilichowakwamisha, na jibu lao uliandike kwenye ripoti ya mfadhili, kando ya namba.