Muungwana na Mbu wa Mikorosho

Muungwana wa Namasakata aliyeazimia kununua lenzi yake ya kwanza ya makro, ili walimwengu wapate kumwona mbu wa mikorosho kwa ukubwa unaomstahiki, aghalabu hutanguliza bei, na pindi aelezwapo kuwa ile ya milimita 60 ni nafuu kuliko ile ya milimita 100, hushukuru na kufungua mkoba. Wala haimpitikii kwamba, ili mdudu atoke kwa kadiri ya moja kwa moja, yaani urefu wake juu ya kihisi cha kamera uwe sawasawa na urefu wake juu ya jani, hiyo fupi itamlazimu kusogeza kioo hadi sentimita chache tu kutoka kwa kiumbe mwenye mbawa na dhana mbaya, ilhali ile ndefu ingemwachia masafa ya sentimita kama 14.

Jirani yake, dalali wa yakuti za Tunduru, ambaye bidhaa yake haijapata kuruka, ndiye hasa angefaa kuinunua hiyo fupi. Yeye, bila shaka, amenunua ndefu; inaning'inia kifuani kwa heshima zaidi.

Fauka ya hayo, pete tupu zisizo na kioo, zitiwazo baina ya kamera na lenzi ya kawaida ya milimita 50, zingewafikisha wote wawili kwenye kadiri hiyo hiyo ya moja kwa moja kwa gharama haba; lakini ni nani, ndugu yangu, atakayemwonyesha mkwewe hewa?