Maji ya Moto Hayana Mwenyewe

Anayekuambia kwamba Ziwa Kivu lina maji mazuri ya kuoga, muulize alioga saa ngapi. Utakuta ni saa nane mchana, jua utosini, na hakuwa na pa kwenda baadaye. Sisi wa Minova tunaoga saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukimbilia boti na motari, kwa maji yaliyolala nje kwenye bidoni huku upepo wa milima ya Kalehe ukiyapuliza usiku kucha. Ukijimwagia kopo la kwanza, jina la mama yako linakutoka lenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba joto lipo. Wapimaji wanasema chini kabisa ya ziwa hili, karibu mita 480, maji yana joto kuliko haya ya juu, kama digrii 26. Ya uvuguvugu yamewekwa mahali pasipofika kopo. Huko huko chini kumejaa gesi ya metani, na tangu 2016 jirani zetu wa Rwanda, upande wa Karongi, wanaivuta na kuzalisha umeme wa megawati 26. Ziwa ni moja. Wao wanawasha taa kwa gesi yake, mimi napepea mbabula kwa jalada la daftari la mtoto. Kuna pia chemchemi za maji ya moto Kankule, kule Katana, barabara ya kwenda Bukavu. Lakini anayetoka Minova kwa motari akaoge Katana atarudi na vumbi linalomdai aoge upya.

Kwa hiyo joto tunalitafuta nyumbani. Shemeji yangu anafundisha fizikia kwenye institi, na watu wa fizikia mbele ya shida ya mtu wanaona hesabu tu. Anasema hapa kwetu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 wala si 100. Yaani hata mchemko wetu una upungufu, na makala tunalipa bei kamili. Tena anasema hakuna haja ya kuchemsha bidoni nzima. Chukua lita 5 zinazotokota, changanya na lita 15 za baridi, unapata lita 20 za digrii 40, na hapo mtu anaoga kiungwana.

Hesabu haina kosa. Ila lita 5 zinazotokota hadharani si zako. Moshi wa mbabula ukionekana uani, kila mtu anakumbuka shida yake. Kwanza yanatolewa ya kunywa, maana haya ni maji ya ziwa na kipindupindu kwetu si hadithi. Hapo sina neno. Kisha mtoto mchanga. Kisha mzazi wa nyumba ya pili, aliyejifungua juzi na anakandwa, na nani atabishana na mzazi? Kisha sufuria zenye mafuta ya sambaza. Kisha mama mkwe ana miguu. Miguu hiyo anayo mwaka mzima, lakini inamuuma nikiinjika maji.

Kuna aliyenishauri niingize mbabula bafuni, nifunge mlango, nichemshe kwa siri. Huo ni ushauri wa mtu anayetaka kunirithi. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, nawe unalala usiamke. Sisi tuliokua tukionywa juu ya mazuku, ile hewa inayojikusanya mabondeni kuelekea Sake na Goma na kuangusha mbuzi, hatuna udhuru wa kutojua. Moto ubaki uani, na majirani waone.

Ndipo shemeji akaniletea video kwenye simu. Mtu amepiga hema msituni, ametundika mfuko mweusi wa maji mtini tangu asubuhi. Jioni anafungua kibomba na kuoga huku anapiga mluzi. Niliitazama mpaka mwisho nikitafuta kasoro, nikaipata: kwenye video ile hakuna jirani. Hakuna mgeni aliyefika bila taarifa, hakuna shangazi, hakuna mtoto wa mtu aliyetumwa kopo. Katika hali hiyo hata mimi ningepiga mluzi.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, huko Marekani, alipata hataza ya matangi meusi yaliyofungiwa ndani ya sanduku lenye kioo juu: jua linaingia, tangi linalinyonya, upepo unabaki nje. Sisi tulipaka bidoni ya njano rangi nyeusi, tukailaza juu ya bati chakavu, tukaifunika kwa kioo cha dirisha la zamani. Siku isiyo na mawingu, ukiielekeza vizuri kutoka saa nne, ikifika saa tisa unahitaji kuongeza maji ya baridi.

Saa tisa. Nani anaoga saa tisa? Shemeji akasema dawa yake ni kuifunika blanketi, joto lisipotee mpaka alfajiri. Blanketi nyumbani kwangu zinahesabika, na bidoni haijawahi kuchangia hata moja. Kesi ikapelekwa kwa mama watoto, akaamua kwamba mwenye kutaka maji ya moto aipe bidoni blanketi lake mwenyewe. Yaani nitetemeke usiku kucha ili nisitetemeke dakika tano.

Na msinitajie umeme. Kupasha lita 20 mpaka hapo kwenye digrii 40 kunakula kama wati-saa 420. Plaki ya wati 50 itazitoa kwa zaidi ya saa nane za jua kali lisilokatizwa na wingu, na saa zote hizo simu za ukoo mzima zitakuwa kwenye foleni zikinilaani.

Pampu ndiyo ilikuwa na akili, ile ya mgongoni wanayopulizia nyanya na kahawa. Tulitafuta mpya, maana iliyokwisha kubeba dawa ya shambani, uisuuze usisuuze, haifai kugusa ngozi. Unatia maji ya uvuguvugu, unapiga mkono wake, manyunyu yanatoka laini, na mtu mzima anamalizana na lita 5 badala ya 20. Shida ni mikono. Wa kushoto unapampu, wa kulia umeshika mrija. Sabuni ishikwe na nani? Kabla hatujapata jibu, jirani akaja kuazima. Mara moja tu, papa, nyanya zina ugonjwa. Kumnyima mtu pampu wakati nyanya zake zinakauka ni kutafuta kesi mpaka kwa chifu. Ikarudi jioni imeoshwa vizuri, inanuka dawa mpaka kwenye mkanda. Sasa inapulizia nyanya za mtaa mzima.

Tukarudi kwenye bidoni. Safari hii tulitafuta sanduku la mbao, tukalijaza majani makavu ya migomba, bidoni ya moto katikati, majani mengine juu. Majani makavu yananasa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Alfajiri nikakuta maji bado ya uvuguvugu. Nilioga, nikatoka, nikasalimia hata watu ninaowadai.

Kuku wa mama mkwe naye akapita pale, akapima joto, akaona panafaa. Ametaga, na sasa anaatamia. Nimepewa amri: sanduku lisisogezwe, bidoni isitikiswe, kwa siku 21. Mama mkwe ameongeza kwamba kwa kuwa mkwe wake amezoea mambo ya joto, kila jioni amimine maji ya moto kidogo humo ndani, vifaranga wapate nguvu. Nimejaribu kumweleza kwamba kuku ana joto lake alilopewa na Mungu, akaniuliza kama mimi nimewahi kuatamia.

Mama watoto yeye amekwisha panga mbele. Vifaranga wakikua, jogoo wa kwanza anauzwa, pesa inanunua makala. Nilifurahi, nikauliza kama makala hayo ni ya maji yangu ya kuoga. Akasema ni ya chai, maana wageni wameanza kuja kumtazama kuku anayeatamia bidoni.